Gari kivulini, paneli juani: umeme wa kambi yetu katika mchanga wa Sharqiya

Assalamu alaikum ndugu zangu wa Unguja, Pemba, Bara na popote mlipo, na wazee wangu mnaonitazama kupitia simu za wajukuu, shikamooni. Leo nazungumza nanyi nikiwa ukingoni mwa mchanga wa Sharqiya, ambao wengi hapa Omani bado wanauita Wahiba, zaidi ya kilomita 200 kutoka Maskati. Nyuma yangu mnaliona gari chini ya mti wa ghaf, na kule mbali, katikati ya jua, mnaziona paneli mbili za sola zikiwa zimeegemezwa kwenye miguu yake. Wengi mliniuliza kwa nini sikuzifunga juu ya paa la gari nikaepukana na usumbufu wa kutandaza waya kila tunapofika, na jibu liko katika hizo hatua kumi mnazoziona kati ya mti na paneli.

Msimu wa kupiga kambi huku huanza takriban Oktoba na kwisha Aprili. Hata hivyo, gari likikaa juani mchana kutwa, ndani yake huwa kama tanuri, na friji iliyomo haipati kupumzika. Gari linataka kivuli na paneli inataka jua, na aliyefunga paneli juu ya paa hulazimika kuchagua kimoja. Msidhani kwamba kivuli kidogo hupunguza umeme kidogo. Itazameni skrini hii ya kontrola, kifaa kinachosimamia umeme unaotoka kwenye paneli kwenda kwenye betri: ni saa tano asubuhi, na paneli mbili za wati 100 kila moja zinatoa wati 148. Sasa naivua kofia yangu na kuiweka kwenye kona ya paneli moja tu. Mmeona? Wati 81. Seli za paneli zimeungwa kwa kufuatana, kwa hiyo iliyofunikwa huzibana wenzake, mfano wa mpira wa kumwagilia maji uliokunjika mahali pamoja.

Safari yangu ya kwanza ya namna hii sikuwa na paneli wala betri ya pili. Niliichomeka friji kwenye tundu la kuwashia sigara, nikalala nikiwa na furaha kwamba samaki wangu hawataoza, na alfajiri gari likakataa kuwaka. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, si kunyonywa polepole usiku kucha. Tulikaa hapo hadi saa tatu, familia moja iliyokuwa imepiga kambi nyuma ya tuta ikatuletea waya za kuunganisha betri, pamoja na kahawa na tende. Kahawa ilikuwa nzuri, aibu sijaisahau.

Tangu hapo naanza na hesabu ya matumizi, na paneli huja baadaye. Friji yangu hutumia wati 40 kompresa inapozunguka, nayo huzunguka kama asilimia 40 ya muda, kwa hiyo kwa saa 24 inakula wati-saa (wati mara saa) 384. Taa, simu nne, kamera na kompyuta huongeza kama 150, na jumla inakaribia 535. Betri yangu ni ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma, volti 12.8 na ampea-saa 100, yaani wati-saa 1,280, hivyo inaweza kutubeba siku mbili hata likitanda wingu. Kwa upande wa mapato, paneli za wati 200 hazinipi wati 200. Nahesabu 140 kwa saa tano za jua zuri, ambazo ni wati-saa 700, na hapo nalala bila wasiwasi. Anayenunua paneli kwa kusoma namba iliyoandikwa kwenye boksi atakuja kumlaumu muuzaji bure.

Sehemu ya upungufu huo husababishwa na joto lenyewe. Namba ya kwenye boksi hupimwa seli zikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, na kila nyuzi inayozidi hupunguza takriban asilimia 0.4. Seli ikifika nyuzi 60, jambo la kawaida hapa, asilimia 14 imekwenda. Ndiyo maana siilazi paneli juu ya mchanga. Naiinua ili upepo upite chini yake, na miguu yake naifunga vifuko nilivyojaza mchanga wa papa hapa, kwani upepo huo huo ukizidi unaweza kuibeba.

Jambo la pili ni mwelekeo, na katika hilo nyumbani na Omani hazifanani. Huko Unguja, nyuzi sita tu kusini mwa ikweta, jua la mchana wakati wa kaskazi hupita upande wa kusini, na wakati wa kusi hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo paneli iliyolazwa karibu bapa hufaa mwaka mzima. Hapa, mwishoni mwa Disemba, jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 44 au 45 kutoka upeo wa macho, na paneli lazima isimame kwa mwinamo wa nusu na itazame kusini. Mimi huigeuza mara tatu kwa siku: baada ya chai kuelekea mashariki, adhuhuri kusini, na baada ya sala ya alasiri magharibi.

Waya nao una hila zake. Waya wa mita kumi wenye unene wa milimita za mraba 2.5, paneli zikiungwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hupoteza kama wati 16 njiani kwa sababu ya mkondo mkubwa. Nikiziunga kwa kufuatana, volti huongezeka maradufu, mkondo hupungua kwa nusu, na upotevu hushuka hadi wati nne hivi, mradi kontrola iwe inastahimili volti hizo.

Wale mnaotaka kupanda Jebel Shams, mlima wa takriban mita 3,000, baridi ya usiku huko hushuka hadi sifuri na chini yake, na betri ya lithiamu haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya sifuri. Ilazeni ndani ya gari, si nje.

Shemeji yangu wa Chake Chake ameuliza kama wavuvi wanaokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, wanaweza kutumia mfumo huu. Kwa taa, simu na redio, paneli moja ya wati 100 inatosha, ila chumvi ya bahari hula viungio, vipakwe grisi. Ameuliza pia kuhusu pasi ya kanzu. Shemeji, pasi inataka wati zaidi ya 1,000. Vaa kanzu iliyokunjamana. Hata lita moja ya maji ya chai ikichemshwa kwa umeme hula zaidi ya wati-saa 100, ndiyo maana birika letu liko juu ya jiko la gesi.

Sasa ni saa kumi na moja jioni, skrini inasoma wati tisa na betri imejaa. Naenda kuzikunja paneli kabla umande haujaugandisha mchanga juu yake.