Kuweka na kuondoa pakeji kwenye imeji ndogo ya Linux: Buildroot kwa bodi ya tangi la maji

Assalam aleikum ndugu zangu, karibuni tena. Leo tunajenga imeji ya Linux, yaani faili moja lenye mfumo mzima wa kuandikwa kwenye kadi, ya bodi inayosoma kiwango cha maji kwenye tangi. Mombasa mnaijua nyie, tangi liko juu ya dari, maji ya mfereji yanakuja usiku wa manane yakitaka, na mwenye nyumba hataki kupanda ngazi ili ajue yamebaki kiasi gani. Bodi ni Raspberry Pi 3. Sitaki madirisha, sitaki kivinjari. Nataka pakeji tatu, yaani programu tatu, na skripti moja, basi. Ndiyo maana naipenda Buildroot, zana ya kujengea imeji kama hii: haikuwekei kitu ambacho hukukiomba.

Kupakua na kufungua mnajua, sitawachelewesha. Chukua toleo la mwezi wa pili, lile lenye .02 mwishoni, maana hilo hurekebishwa kwa muda mrefu kuliko mengine. Ingia ndani ya folda, kisha:

make raspberrypi3_defconfig
make menuconfig

Bila sudo. Buildroot haina haja ya root, yule mtumiaji mkuu wa mfumo.

Nenda Target packages, halafu Networking applications. Tia alama dropbear, ya kuingilia kwenye bodi kwa ssh, yaani kwa mbali kupitia mtandao. Tia mosquitto, ndiyo itakayobeba ujumbe wa MQTT, lugha ya vifaa vidogo kutumiana vipimo. Tia chrony, ya saa. Ukipotea kwenye menyu bonyeza mkwaju, hii /, andika jina la pakeji, utaonyeshwa iko wapi na inategemea nini. Na chrony msiiruke. Raspberry Pi 3 haina betri ya saa. Ikiwaka bila kuuliza saa mtandaoni inaweza kukuambia tuko mwaka 1970, na kipimo cha tangi chenye tarehe ya 1970 utakifanyia nini?

Toka, ingia System configuration. Andika nywila ya root, usiache tupu. Dropbear haimpokei mtu mwenye nywila tupu, kwa hivyo bodi itawaka, itapata anwani, halafu itakukatalia mlangoni. Hapo hapo washa Install timezone info, na kwenye saa ya mahali andika Africa/Nairobi. Msitafute Africa/Mombasa, haimo.

Mteja wangu mmoja wa Nyali aliuliza kama bodi inaweza kuchora grafu yenyewe. Haya, tumjaribie. Target packages, Interpreter languages, washa python3, na ndani yake python-matplotlib. Save, toka, make.

Hapa tulia. Mara ya kwanza Buildroot inajenga hadi kompaila, ile programu inayogeuza msimbo kuwa programu. Utasali Adhuhuri, utakula, utarudi, bado inaendelea. Nakata kamera.

Tumerudi, na... ngoja. Ngoja nisogeze kamera, feni inatikisa meza. Mnaona mstari huu? "Could not allocate block in ext2 filesystem". Na chini yake Buildroot yenyewe imetupa dokezo: huenda uongeze BR2_TARGET_ROOTFS_EXT2_SIZE. Maana yake tuliyoyaweka hayatoshi kwenye nafasi iliyotengwa. Kwangu hapa imeandikwa 120M. Sikulipanga hili, lakini ni zuri sana kwa somo la leo.

Njia ya haraka ni kuingia Filesystem images, pale kwenye ukubwa uandike 256M, na itapita. Mimi sitaki. Grafu simu ya mteja itaichora vizuri zaidi, na bodi hii kazi yake ni kupima na kutuma. Kila pakeji unayoiacha humo ni kitu kingine cha kuwaka, cha kusasishwa, na mlango mwingine wa kuingiliwa. Tunaitoa Python.

Sasa sikilizeni kwa makini, hapa ndipo watu wengi hukwama. Naingia menuconfig, naondoa alama ya python3, save, make. Na tazama. Kosa lile lile! Neno kwa neno. Hebu tuchungulie:

ls output/target/usr/lib

Python hiyo, imekaa. Kuondoa alama kwenye menyu hakuondoi faili. Narudia: kuondoa alama hakuondoi faili. Kila pakeji ikishajengwa hunakili vitu vyake kwenye output/target, na Buildroot haiweki daftari la kuvitoa baadaye. Ukitoa pakeji, dawa ni hii:

make clean
make

Ni clean. Si distclean. Clean inafuta output peke yake, config yako, yaani ulichochagua kwenye menyu, inabaki na vilivyopakuliwa kwenye dl vinabaki. Distclean inafuta na .config, na dl pia, na hapo utanunua bando upya kupakua kila kitu. Kabla hujabonyeza enta, soma tena ulichoandika. Clean.

Na ili config isipotee hata kwa bahati mbaya, ihifadhi nje:

make savedefconfig BR2_DEFCONFIG=$HOME/tangi_defconfig

Fanya hivyo kila ukigusa menyu. Ukitaka kujua ni pakeji gani inayokula nafasi, andika make graph-size, ufungue output/graphs/graph-size.pdf. Laptopu yako iwe na matplotlib. Mimi huitazama kabla ya kumkabidhi mteja bodi yoyote.

Imejengeka, alhamdulillah. Sasa faili zetu wenyewe. Usiziandike ndani ya output/target, clean inayofuata itazifagia. Tengeneza folda board/tangi/overlay, na kwenye System configuration, pale Root filesystem overlay directories, andika njia hiyo. Vilivyomo hunakiliwa mwisho, baada ya pakeji zote, kwa hivyo vyako ndivyo vinavyoshinda. Ndani yake, etc/mosquitto/mosquitto.conf:

listener 1883
allow_anonymous false
password_file /etc/mosquitto/siri

Bila mstari wa listener, mosquitto ya toleo la 2 husikiliza ndani ya bodi tu, simu haitaipata. Faili la siri litengeneze kwenye laptopu kwa mosquitto_passwd, liweke folda hiyo hiyo, na hakikisha linasomeka na mtumiaji mosquitto, si root peke yake.

Skripti ya kipimo iwe etc/init.d/S60tangi. Herufi S na namba ndizo zinazopanga zamu ya kuwaka. Muhimu, chmod +x. Bila hiyo haitaendeshwa. Ukishaigusa overlay, make ya kawaida inatosha, clean haihitajiki.

Kuandika kadi:

lsblk
sudo dd if=output/images/sdcard.img of=/dev/sdX bs=4M conv=fsync status=progress

Badala ya sdX weka kadi yako, uliyoiona kwenye lsblk. Angalia ukubwa wake mara mbili, maana dd haiulizi.

Kadi ndani, waya wa mtandao, stima. Kwenye laptopu:

mosquitto_sub -h anwani-ya-bodi -u tangi -P nywila -t '#'

Hiyo inakuja... 64, 64, 63. Asilimia. Mtu ameoga huko juu.

Kadi zilizojaribiwa na vihisi vya tangi ninavyo dukani Mwembe Tayari. Faili la tangi_defconfig liko kwenye maelezo ya video. Ukikwama, niandikie hapo chini, na usinitumie picha ya skrini nzima: nakili mistari kumi iliyo juu ya neno Error la kwanza, sababu huwa iko hapo.