Tundu Katika Gazeti: Greenwood na Vitu vya Kabatini

Waheshimiwa wasikilizaji, wanaonifahamu watanivumilia, kwa maana narudi tena Tulsa, jimbo la Oklahoma, na nitaendelea kurudi huko maadamu wapo wanaoamini kwamba historia ya mtaa hutunzwa na maktaba, na kwamba vitu vya kabatini kwa bibi ni mapambo tu.

Yaliyotukia Greenwood, mtaa wa Wamarekani Weusi uliochomwa moto na umati wa Wazungu mwaka 1921, mnayajua. Mimi nataka tulitazame gazeti. Alasiri ya tarehe 31 Mei, Tulsa Tribune lilichapisha kwenye ukurasa wa kwanza habari ya Dick Rowland, kijana mng'arisha viatu aliyedaiwa kumshambulia msichana mwendesha lifti, na jioni hiyohiyo umati ukakusanyika mbele ya mahakama. Miaka ilipopita, jalada la gazeti hilo likapigwa maikrofilamu, yaani kurasa zake zikapigwa picha ndogondogo kwenye filamu, habari hiyo ilikuwa imekwisha kunyofolewa, pamoja na sehemu kubwa ya ukurasa wa tahariri. Panya hachagui safu: mtu alilifunua jalada hadi siku aliyoitaka, akaondoa alichokusudia, akalirudisha mahali pake. Habari yenyewe ilipatikana baadaye katika nakala nyingine. Tahariri, ambayo baadhi ya wazee walikumbuka kuwa ilizungumzia kunyongwa kwa kijana huyo, haijaonekana hadi leo.

Kuna atakayeniambia kwamba wasiwasi huu umepitwa na wakati, kwa kuwa magazeti ya zamani sasa yamo kwenye intaneti. Aghalabu yametolewa wapi, kama si kwenye filamu hizohizo? Tundu lililokuwa kwenye karatasi likahamia kwenye filamu, na leo tunalitazama kwenye kioo cha kompyuta, safi kabisa, tena tunaweza kulikuza.

Na gazeti la Weusi wenyewe? Ofisi na mitambo ya Tulsa Star viliteketea. Mhariri wake, A. J. Smitherman, akashtakiwa kwa kuchochea ghasia zilizomfilisi, akakimbia, akaanzisha gazeti jingine Buffalo, New York, na mashtaka yake yakafutwa mwaka 2007, yeye akiwa kaburini kwa miongo kadhaa.

Kwa hiyo ushahidi ulibaki mikononi mwa watu. Mary E. Jones Parrish, mwalimu wa kupiga taipu aliyekimbia risasi pamoja na bintiye, alikusanya simulizi za majirani zake akazichapisha. Wakili B. C. Franklin alipiga taipu kurasa 10 mwaka 1931, akieleza ndege alizoziona zikizunguka juu ya mtaa. Kurasa hizo zilijulikana kwa umma mwaka 2015, na sasa zimo katika jumba la makumbusho la taifa huko Washington. Hata Wazungu walijiwekea ukumbusho: kadi za posta zenye picha za magofu na za maiti ziliuzwa mjini, na kadi hizohizo, zilizonunuliwa kwa majivuno, leo zinawashuhudia wao.

Naonyeshwa saa, basi mfuko wa Ashley nitautaja tu: mfuko wa pamba ambao Rose, mtumwa wa South Carolina, alimpa bintiye Ashley, wa miaka 9, binti huyo alipouzwa, ukiwa na gauni kuukuu, njugu za pikani na msuko wa nywele za mama, na ambao Ruth Middleton, mjukuu wa Ashley, aliutarizi habari hiyo mwaka 1921.

La mwisho, ambalo lingestahili siku yake, ni matangazo ya kutafuta ndugu yaliyochapishwa na Christian Recorder, gazeti la kanisa huko Philadelphia, baada ya utumwa kukomeshwa. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza iliyowaandika kwa majina wote waliokuwa watumwa. Daftari za watumwa za 1850 na 1860 ziliandika umri na jinsia chini ya jina la bwana. Anayetafuta ukoo wake hukwama hapo, ila akibahatika kupata tangazo ambalo mama anawataja watoto wake, bwana aliyewauza, na mahali alipowaona mara ya mwisho.