Kamera sio kiti cha ukumbini

Haya jamani, mlioko nyuma sogeeni mbele viti bado vipo. Leo ni filamu fupi za baleti na muziki wa klasiki, na nianze na kinachonikera kabisa, mtu anatega kamera katikati ya ukumbi, anarekodi shoo mwanzo mwisho halafu anatuambia ni filamu. Hiyo ni rekodi bwana, tena rekodi ya kiti kibaya, maana ukumbini angalau macho unayapeleka unakotaka wewe.

Sasa mcheki Maya Deren, mtengeneza filamu wa Marekani, 1945. "A Study in Choreography for Camera" haifiki hata dakika nne, dansa ni mmoja tu, Talley Beatty. Jamaa ananyanyua mguu yuko msituni, mguu unatua sebuleni! Mwili unaendelea na mwendo uleule, mahali ndio pamebadilika. Halafu mwishoni anaruka, na ule mruko Deren kauunga vipande vipande mpaka jamaa anakaa hewani muda ambao binadamu hawezi. Jukwaani ukiruka unashuka, basi.

Wa pili Norman McLaren wa Kanada. "Pas de deux" yake ya 1968 ni madansa wawili, nyuma giza tupu, taa zinawapiga kwa pembeni unaona mistari ya miili tu, halafu picha ileile anairudishia juu yake mpaka mara 11, kila moja imechelewa kidogo, so mkono ukipita unaacha mikono mingine nyuma yake kama feni inayozimika.

Ila mimi ninayoipenda ni "Ballet Adagio", 1972. Muziki ni ile Adagio, yaani kipande cha mwendo wa taratibu, wanayosema ni ya Albinoni, mtunzi wa zamani wa Italia, kumbe aliyeichapisha 1958 ni Remo Giazotto, mtaalamu wa muziki wa Italia, na kazi kwa kiasi kikubwa ni ya huyo Giazotto, haya tuyaache. McLaren kafanya kitu kimoja tu, kawapunguzia madansa spidi. Hapo ndio unaona paja linatetemeka, unaona mwanaume anavyojipanga mapema kumpokea mwenzake, ule wepesi wote tunaoupigiaga makofi kumbe ni kubeba mzigo, na muziki wenyewe mzito vilevile, vinaendana hasa.

Nimeongea sana. Ndugu yangu hapo mlangoni zima taa, tunaanza na ya Deren, na msinigeukie mkidhani spika zimekufa, ile haina sauti.