Bakteria Wameota Maabara: Je, Mgonjwa Anaugua?

ACHIENG': Karibuni tena, tuko hapa Kisumu. Barasa ndugu yangu, maabara ikipima mkojo na kuandika "E. coli, zaidi ya 100,000 kwa mililita", yaani bakteria wa utumbo wameota wengi, si hayo ni maambukizi tayari?

BARASA: Hapana, dada. Hayo ni majibu ya maabara; maambukizi huamuliwa na daktari akiwa amemwona mgonjwa. Chukua mzee aliyelazwa kwa kiharusi, mpira wa mkojo anao mwezi mzima. Hana homa, kiuno hakimuumi, yuko vile vile alivyokuwa jana. Mpira ukikaa muda huo, karibu kila mgonjwa mkojo wake utaota bakteria. Wamejenga utando kwenye mpira na wanaishi hapo bila kumdhuru.

ACHIENG': Na usaha ukionekana kwenye mkojo?

BARASA: Kwa mwenye mpira, usaha peke yake hautoshi. Mpira wenyewe hukwaruza kibofu.

ACHIENG': Haya, faili imefika kwako ofisi ya rekodi, uipe misimbo.

BARASA: Naangalia daktari ameandika nini. Akiandika "maambukizi ya njia ya mkojo", kwenye ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, ni N39.0, na B96.2 inaongezwa kutaja E. coli. Akisema mpira ndio umeleta, kuna T83.5. Lakini akiandika bakteria wapo na mgonjwa hana dalili, hakuna N39.0. B96.2 pia inabaki nje, maana hiyo hutaja kisababishi cha ugonjwa, na hapa ugonjwa haupo. Majibu ya mkojo yana R82.7. Na yule aliyekutwa na bakteria aitwaye Stafilokokasi puani, hana jipu wala homa, anaenda Z22, kundi la wabebaji.

ACHIENG': Kuna faili zinazonikera mimi: kalcha, yaani kipimo cha kuotesha bakteria, imeota, antibayotiki ya seftriaksoni imeanzishwa jioni hiyo hiyo, na pale pa utambuzi wa ugonjwa hakuna neno.

BARASA: Hapo ndipo watu hujaza N39.0 kwa sababu dawa imetolewa. Tusifanye hivyo, jamani! Dawa si utambuzi. Msimbo huo utaingia kwenye takwimu za wodi, utaingia kwenye dai la malipo linaloenda SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya, na mzee akirudi, mtu atasoma "aliwahi kuwa na maambukizi" na kumwanzishia antibayotiki tena. Anaharisha, bakteria wanazidi kuwa sugu, na hakuwa mgonjwa wa mkojo hata kidogo.

ACHIENG': Lakini wasikilizaji wasidhani kila kilichoota kipuuzwe. Mama mjamzito mwenye bakteria kwenye mkojo hutibiwa hata kama hasikii chochote, kwa sababu wanaweza kupanda hadi figo.

BARASA: Kweli kabisa. Na Stafilokokasi aureasi akiota kwenye damu, usiseme ni uchafu tu wa ngozi ulioingia kwenye sampuli; daktari apigiwe simu saa hiyo hiyo.

ACHIENG': Kwa faili isiyo na utambuzi, unamuulizaje daktari?

BARASA: Bila kumwekea jibu mdomoni. Siandiki "tafadhali thibitisha maambukizi". Naandika: "Daktari, kalcha ya mkojo ya Jumanne imeota E. coli. Mgonjwa ana mpira, joto ni 36.8, seftriaksoni imeanzishwa. Tafadhali eleza umuhimu wa majibu haya kwa mgonjwa huyu." Akijibu, anaandika mwenyewe kwenye faili, anaweka tarehe na sahihi, ndipo naweka msimbo.