Honda haiwaki, usikimbilie kabureta

Assalaam alaykum jamaani. Sogeeni mbele, nyie wa nyuma hamtoona kitu, na mwenye sigara aizime maana tutafungua petroli hapa.

Nnaanza na aibu yangu mwenyewe. Masika moja nnatoka Konde narudi Chake, mvua kubwa, nikalifunika tangi kwa mfuko wa nailoni nikalikaza kwa mpira, nikajiona mjanja kweli. Njiani honda, pikipiki yangu hiyo, ikakohoa, ikazima, piga kiki piga kiki mpaka mguu unatetemeka, wapi! Nikasema kabureta hiyo, kile kidude kinachochanganya petroli na hewa, nikaifungua pale pale chini ya mkarafuu, kile kipini cha floti kikaangukia kwenye majani, nusu saa nzima nnapapasa. Kikapita kitoto kinatoka chuoni, kikanambia "Ami, mbona tangi umelifunga hivo?" Nikavua nailoni, nikafungua mfuniko, likavuta pumzi fyuuu! Kumbe kitundu cha mfuniko kimezibwa, hewa haiingii basi na mafuta hayashuki. Kabureta haikuwa na kosa lolote, masikini.

Kwa hivo kabla hujashika bisibisi tizama vitu vya kipuuzi mwanzo, koki ya mafuta iko wazi, swichi ya kuzimia haijabonyezwa, choki, ile inayopunguza hewa, umevuta ikiwa injini baridi.

Halafu chomoa plagi, itakwambia yenyewe. Kavu kabisa baada ya kiki kumi, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika ila moto, yaani cheche ya plagi, hamna, au umeizamisha kwa choki, hapo ikaushe, rudisha choki, vuta aksileta mpaka mwisho upige kiki. Kutizama moto, plagi itie kwenye kofia yake, chuma chake kiguse injini, ila iwe mbali na tundu la silinda maana mvuke wa petroli unatoka mle, kuna watu wameungua nyusi hivo. Piga kiki kivulini. Cheche ya buluu inayolia ta ta ni nzima, nyekundu nyembamba ni mgonjwa. Kwa hizi Honda CG125, zilizoanza kutoka 1976, nafasi baina ya ncha mbili za plagi ni 0.6 mpaka 0.7 mm, sio ya kukisia kwa jicho. Na betri msiisingizie, zenye magneto, kidude kinachojitilia umeme injini ikizunguka, hazichukui moto wa plagi kwenye betri.

Moto upo, mafuta yapo, bado haiwaki? Sasa ndo tunaigusa kabureta, na bado hatuifungui! Legeza skurubu ya chini ya bakuli lake la mafuta, kinga kwa glasi. Maji ni mazito kuliko petroli, utayaona yamekaa chini yanabiringika kama shanga, na sie tunaonunua mafuta ya chupa njiani tunayajua haya. Ukiona unga mwekundu, tangi lina kutu.

Kama inawaka kwa choki tu na ukirudisha inazima, jeti ndogo, kile kijitundu cha kabureta kinachopitisha mafuta, imeziba, hasa chombo kilichokaa miezi, petroli hukauka ikabaki gundi. Tundu lake halifiki nusu milimita, usilichokoe kwa waya wa chuma, utalipanua na hutolirudisha tena! Lioshe kwa petroli ulipulize, likikataa, uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, taratibu.

Haya, ile honda nyekundu hapo nje ya nani? Isukume ndani, na mtu anipe glasi.