Stesheni ya Highley: Reli, Mto na Maji ya Mlimani

Mabibi na mabwana, wazee wetu mliotumikia reli, na nyinyi vijana mliokuja kusikiliza, asanteni sana kwa kufika.

Leo nitazungumzia stesheni moja tu, tena ndogo: Highley, huko Shropshire, Uingereza. Ipo kwenye reli ya Severn Valley, reli ya zamani ambayo hadi leo treni zake huvutwa na injini za mvuke. Kwa kawaida tukisikia habari za kuhifadhi reli, macho yote hukimbilia kwenye injini: rangi yake, king'ora chake, moshi wake. Mimi naomba tuangalie chini ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli. Reli ya kando ya mto adui yake mkubwa ni maji, na anayeiokoa ni yule anayejua maji hayo yanapita wapi.

Severn ndio mto mrefu kuliko yote Uingereza, kilomita 354 kutoka milima ya Wales hadi baharini. Kabla ya reli, mizigo ya bonde lile ilisafiri kwa mashua. Kupandisha mashua dhidi ya mkondo, wanaume walijifunga kamba wakaivuta huku wakitembea ukingoni. Reli ilifunguliwa tarehe 1 Februari 1862, na kazi ile ya mashua ikafifia. Wajenzi waliufuata mto kwa sababu ndipo palipo na tambarare. Kwingine ni vilima. Kusini ya Highley, karibu na Arley, njia inavuka mto kwa Daraja la Victoria, tao moja la chuma lenye upana wa mita 61 hivi. Chuma chake kilisubiwa Coalbrookdale, kwenye bonde hilo hilo. Mhandisi alikuwa John Fowler, ambaye baadaye, akiwa na Benjamin Baker, alisanifu lile daraja kubwa la Forth kule Scotland lililofunguliwa mwaka 1890.

Highley yenyewe imekaa mahali pembamba. Nyuma yake mlima, mbele yake mto, na kijiji kiko juu kabisa, kwa hiyo abiria akishuka lazima apande. Ina jukwaa moja. Kilichoikuza ni makaa ya mawe. Mgodi ulichimbwa hapo miaka ya 1870, na miaka ya 1930 kazi ikahamia ng'ambo, upande wa Alveley. Makaa yakawa yanavushwa mto hadi kwenye reli. Siku za mapumziko walikuja wafanyakazi wa viwandani kutoka mijini na ndoano zao, wakajipanga ukingoni kuvua samaki.

Mwaka 1963 treni za abiria zilisimamishwa. Wengi humlaumu Beeching, mkuu wa shirika la reli wakati ule, na ripoti yake maarufu ya mwaka huo iliyotaka njia nyingi zifungwe, lakini mpango wa kuifunga njia hii ulikuwa tayari kabla ripoti haijatoka. Treni za makaa ziliendelea hadi mgodi wa Alveley ulipofungwa mwaka 1969. Wakati huo raia wa kawaida walikuwa wameshaunda chama chao, mwaka 1965, wakakubaliana na shirika la reli kununua kipande cha njia kwa pauni 25,000. Tarehe 23 Mei 1970 treni yao ya kwanza ya abiria ikatoka Bridgnorth hadi Hampton Loade. Mwaka 1974 wakapita Highley hadi Bewdley, na mwaka 1984 wakafika Kidderminster. Leo njia ina urefu wa kilomita 26 hivi, na sehemu kubwa ya kazi hufanywa na watu wa kujitolea.

Kazi gani? Wazee mtaitambua hii mara moja. Njia ni moja, treni zinakwenda pande mbili. Dereva haruhusiwi kuingia kwenye kipande cha njia mpaka akabidhiwe tokeni ya kipande hicho. Ni kipande cha chuma kilichofungwa kwenye pete kubwa, ili mtu aweze kuipokea kwa kupitisha mkono. Kila mwisho wa kipande kuna mashine, na mashine hizo mbili zimeunganishwa kwa umeme: tokeni moja ikishatoka, hakuna nyingine itakayotoka upande wowote mpaka ile irudishwe. Mtu wa ishara anashuka kwenye kibanda chake, anasimama kando ya njia, treni inapunguza mwendo, mchochea moto anainama nje ya kibanda cha injini. Anatoa ya zamani, anapokea mpya, anamsomea dereva jina la kipande cha njia lililoandikwa juu yake. Mimi naamini hapo ndipo urithi ulipo. Injini unaweza kuiweka makumbusho ikakaa miaka mia, lakini ujuzi huu usipotumika unapotea na kizazi kimoja.

Hata injini nazo zina muda wake. Boila huruhusiwa kufanya kazi kwa kawaida miaka kumi, kisha lazima ifunguliwe na kukarabatiwa upya. Zinazosubiri zamu huhifadhiwa kwenye jengo lililofunguliwa Highley mwaka 2008, na wageni huenda kuziangalia.

Sasa nirudi kwenye maji. Tarehe 19 Juni 2007 mvua kubwa ilinyesha kwenye bonde lile. Ungetegemea mto ufurike uimeze reli. Haikuwa hivyo. Maji yalishuka kutoka mlimani yakiutafuta mto, na reli imekatiza njiani kama kizuizi. Mifereji ilizidiwa, udongo ukalowa, matuta yakaporomoka sehemu nyingi. Kuna mahali ardhi ilikwenda yote, mataruma yakabaki yananing'inia kwenye reli hewani. Njia haikufunguliwa yote mpaka tarehe 21 Machi 2008, na gharama ilifika pauni milioni 3.7 hivi. Januari 2025 tuta likaporomoka tena, safari hii karibu na daraja la kijito cha Mor Brook, na Bridgnorth ikakatwa kwa miezi.

Wenzangu wa Reli ya Kati, mnajua ninaelekea wapi. Kati ya Kilosa na Gulwe njia yetu imeufuata mto Mkondoa kwa sababu ile ile: Wajerumani walitafuta mahali pa kupenya milimani, na mto ulikuwa umeshapenya. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata njia hiyo, treni zikasimama kwa miezi. Leo abiria wengi wa Dodoma wanapanda treni ya umeme kwenye njia mpya. Stesheni za bondeni bado zipo, na siku moja mtu atasimama aseme tuzihifadhi. Nitamuunga mkono kwa moyo wote. Ila asianze na rangi ya jengo wala na kutafuta injini ya kupigia picha. Aanze na makalavati: lipi linaziba kila masika, lipi lilijengwa dogo, korongo lipi limehama.

Habari hizo nyingi hazimo kwenye ramani. Zimo vichwani mwa magenge ya njia, wale waliotembea na nyundo begani kukagua kilomita baada ya kilomita. Baadhi yenu mmekaa humu ndani. Nimeweka daftari na kalamu pale mezani karibu na mlango. Kabla hujaondoka, mzee wangu, andika namba ya kilomita na ulichokiona pale mvua iliponyesha. Asiyeweza kuandika amwambie kijana aliye karibu naye amwandikie.