Kudai Bima Baada ya Kununua Kampuni: Hesabu ya Hasara na Swali la Nani Alijua Nini

Ndugu wasikilizaji, leo nazungumzia bima anayokata mnunuzi wa kampuni ili alipwe iwapo mahakikisho ya muuzaji, yaani kauli alizothibitisha katika mkataba wa mauzo kuhusu hali ya kampuni, yatagunduliwa kuwa si kweli. Nitabaki kwenye sheria ya Uingereza, ambako mikataba mingi ya namna hii huandikwa.

Dai huanza na taarifa. Hati nyingi za bima hutaka taarifa ya maandishi mapema iwezekanavyo. Mkiona dalili tu, mteja mkubwa anadai punguzo msilolijua, au hesabu za stoo hazilingani, andikeni. Tajeni hakikisho husika kwa namba yake ya kifungu, tarehe mliyogundua, na makadirio ya awali hata kama hayajakamilika. Kosa la kawaida ni meneja mpya kumlipa mteja fidia ili kulinda uhusiano, bila ridhaa ya maandishi ya kampuni ya bima. Malipo hayo huenda yasirudishwe, na gharama za mawakili zisizoidhinishwa vivyo hivyo.

Sasa hasara, na hapa ndipo madai mengi hukwama. Kuvunjwa kwa hakikisho hakupimwi kwa gharama ya kurekebisha tatizo. Kipimo ni thamani ya hisa kama hakikisho lingekuwa kweli, kutoa thamani yake halisi siku ile ya ununuzi. Tuchukue mfano wa kubuni: kampuni imenunuliwa kwa pauni milioni 40, yaani mara 8 ya faida ya mwaka ya milioni 5. Mkaguzi anagundua pauni 600,000 za faida hazikuwepo. Ikiwa pengo hilo hujirudia kila mwaka, hasara ni milioni 4.8. Ikiwa lilitokea mara moja tu, ni 600,000. Mnunuzi hujibebea sehemu ya kwanza ya hasara. Tuseme nusu asilimia ya bei, pauni 200,000. Basi atalipwa milioni 4.6 au 400,000. Vita vyote vimo katika neno "hujirudia". Kwa hiyo hifadhini jedwali mlilopangia bei, kumbukumbu za kikao cha bodi kilichoidhinisha ununuzi, na andiko mlilolipelekea benki. Bila hayo, kampuni ya bima itasema bei haikujengwa juu ya mara 8.

Kuhusu kujua. Karibu kila hati ya bima huondoa kwenye kinga jambo ambalo timu ya mnunuzi ililijua kwa hakika kabla ya kusaini, na wanatimu hutia saini tamko kwamba hawajui ukiukaji wowote. Mwaka 2023 Mahakama Kuu huko London ilitupa dai la Finsbury Food Group, iliyokuwa imenunua Ultrapharm, watengenezaji wa mikate isiyo na gluteni, kwa pauni milioni 20. Hoja zilihusu bei ilizopunguziwa Marks & Spencer, kampuni ya maduka iliyokuwa mteja wa Ultrapharm, na mapishi yaliyobadilishwa. Jaji hakuona ukiukaji, na akaona pia kwamba mnunuzi alijua. Barua pepe za wakati wa mazungumzo ndizo kampuni ya bima itakazoziomba kwanza. Zisomeni nyinyi kabla yao.

Someni pia vighairi, yaani mambo ambayo hati ya bima haiyalipii, pamoja na jedwali linaloonyesha mahakikisho yaliyobimwa. Katika kesi ya Project Angel Bidco, mnunuzi aliyekuwa na bima ya aina hii, mwaka 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa kusahihisha maneno ya kighairi kuhusu rushwa, ingawa jedwali lilionyesha kwamba mahakikisho kuhusu rushwa yamebimwa. Kutofautiana kwa aina hiyo kurekebishwe siku ya kusaini. Baadaye ni kuchelewa.

Ikiwa dai ni halali na malipo yanacheleweshwa bila sababu, sheria ya bima ya 2015, kama ilivyorekebishwa kwa hati zilizoanza tangu Mei 2017, inaweka sharti la kulipa ndani ya muda unaofaa, hata kama hati yenyewe haikulitaja. Kampuni ya bima inaruhusiwa kuchunguza. Muda wa uchunguzi hutegemea ukubwa na ugumu wa dai. Kwa hiyo wekeni rekodi ya kila waraka mliowapa na tarehe yake.

Mwisho, muda. Mahakikisho ya kawaida hubimwa miaka 2 au 3, ya kodi na umiliki wa hisa mara nyingi miaka 7. Ukaguzi wa kwanza kamili wa hesabu chini ya mmiliki mpya ufanyike mapema ndani ya muda huo, na mkaguzi apewe nakala ya mahakikisho.